Binti wa miaka 8 bado analowa mchana: je, wakati wa upasuaji umefika?

Shikamoo Daktari,

Binti yangu ana miaka 8 na bado anajikojolea mchana karibu kila siku. Usiku hana tatizo. Amekuwa akiamka mkavu tangu alipokuwa na miaka 5. Asubuhi anaondoka nyumbani akiwa mkavu na hukaa hivyo mpaka adhuhuri, lakini anaporudi kutoka shuleni chupi huwa imelowa chapachapa, na wakati mwingine sketi nayo. Siku asizokwenda shule ninamwona mwenyewe: yuko katikati ya mchezo, ghafla anachuchumaa, anakalia kisigino cha mguu mmoja, anakunja uso na kutulia hivyo kwa muda, kisha anainuka na kuendelea kucheza kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikimwambia aende chooni anajibu kwamba hana mkojo. Haupiti muda mrefu nakuta amelowa.

Mwaka huu ametibiwa maambukizi ya njia ya mkojo mara mbili. Ultrasaundi ilionyesha kwamba figo zote mbili ni nzima, ila ukuta wa kibofu umenenepa kidogo, na baada ya kukojoa zilibaki mililita 45 za mkojo ndani. Alipewa oksibutinini, dawa ya kutuliza kibofu. Mwanzoni alipata nafuu, kisha akaanza kulalamika kwamba mdomo unakauka, na choo, ambacho tangu utotoni hukipata mara moja kwa siku tatu au nne, kikawa kigumu zaidi. Tukaacha dawa.

Katika kliniki iliyopita tuliambiwa kwamba, kwa kuwa dawa imeshindwa, tunaweza kupewa rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji ili achomwe sindano ndani ya kibofu akiwa katika nusukaputi. Mume wangu anataka jambo hilo lifanyike likizo hii ili mtoto arudi shuleni akiwa amepona. Wifi yangu naye anasema anamfahamu mtoto wa kike aliyekuwa akilowa tangu kuzaliwa, akafanyiwa upasuaji na tangu siku hiyo hakulowa tena. Mimi naogopa kisu, lakini naogopa vilevile kumchelewesha. Je, upo upasuaji unaoondoa tatizo hili? Tutajuaje kwamba wakati wake umefika? Na je, huu ni uvivu wa kwenda chooni, kama anavyosema mwalimu wake?

Mama wa binti wa miaka 8

JIBU

Marahaba, mama.

Kwa maelezo uliyotoa, mimi nisingempeleka binti yako kwenye chumba cha upasuaji kwa sasa, na wala nisingekubali akae tu akisubiri kukua. Kuna kazi ya kufanya kabla, na sehemu kubwa ya kazi hiyo, nikisoma barua yako, bado haijafanywa. Hata hivyo sina sababu ya kumpinga wifi yako. Inawezekana kabisa kwamba mtoto anayemzungumzia alipona siku aliyopasuliwa, kwa sababu upasuaji hautibu kulowa kwenyewe. Hutibu kasoro fulani mahali fulani, na pale ambapo kasoro hiyo ndiyo chanzo cha kulowa, matokeo yake huwa ya kushangaza.

Nadhani najua ni kasoro gani. Kwa kawaida mkojo hutoka kwenye figo kwa mrija unaoingia ndani ya kibofu, juu ya msuli unaofunga mlango wa kibofu. Wapo wasichana wachache ambao mrija mmoja, mara nyingi ule wa sehemu ya juu ya figo yenye mirija miwili, hupita pembeni na kufungukia chini ya msuli huo, kwenye njia ya kutolea mkojo au hata ukeni. Mtoto wa namna hiyo anakwenda chooni vizuri kama wenzake, kibofu chake kinajaa na kumwagika ipasavyo, lakini wakati wote huo mkojo wa sehemu ile ndogo ya figo unadondoka tone kwa tone, mchana na usiku, tangu alipozaliwa. Wavulana wenye mrija uliopotoka hivyo hawalowi, kwa kuwa kwao hufungukia juu ya msuli wa kufunga. Kipande hicho cha figo kinaweza kuwa kidogo kiasi kwamba ultrasaundi hukipita bila kukiona, na mara nyingi kipimo cha MRI ndicho kinachokifichua. Daktari wa upasuaji huupandikiza mrija ndani ya kibofu, au huuunganisha na mrija wa jirani yake, au hukiondoa kipande cha figo ikiwa hakifanyi kazi tena, na mtoto anakuwa mkavu. Inasikitisha kwamba baadhi ya wasichana hawa hufikia umri mkubwa wakigombezwa kwa jambo ambalo hawakuwahi kuwa na uwezo nalo hata kidogo.

Ndiyo maana swali la kwanza ninalomuuliza mzazi wa msichana yeyote anayelowa ni hili: je, kuna saa yoyote ambayo anakuwa mkavu kweli? Binti yako analala usiku kucha akiwa mkavu na anafika adhuhuri akiwa mkavu. Hali hiyo karibu inaiondoa kabisa kasoro niliyoieleza. Ukitaka kuwa na hakika zaidi, siku moja ya mapumziko mvalishe chupi safi mara tu anapotoka kukojoa, kisha iangalie baada ya nusu saa na baada ya saa moja. Chupi yenye unyevunyevu kila unapoiangalia ni habari ya kumpelekea daktari bila kukawia. Ikiwa unyevu unaonekana dakika chache tu baada ya kutoka chooni na hauongezeki, kuna uwezekano kwamba mkojo unaingia ukeni anapokojoa huku amebana mapaja, kisha unatoka anapoinuka, na dawa yake ni kukaa vizuri chooni, mapaja yakiwa yameachana na mwili umeinama mbele kidogo.

Zipo sababu nyingine zinazohitaji mkono wa daktari wa upasuaji, na kabla ya kuzungumzia sindano ni lazima mtu awe amezitafuta kwa macho yake. Binti yako avuliwe nguo na mgongo wake uangaliwe mpaka chini kabisa: kishimo, shada la nywele, alama ya ngozi au mfereji wa matako uliopinda unaweza kuashiria kasoro ya uti wa mgongo iliyofichika, hasa kama miguu inachoka haraka au mwendo umebadilika. Sehemu za siri nazo zichunguzwe, kwa kuwa kuna wasichana wachache waliozaliwa na njia ya mkojo iliyo wazi upande wa juu, na hawakugunduliwa kwa sababu tu hakuna aliyewaangalia vizuri. Kwa wavulana tunatafuta utando unaoziba njia ya mkojo tangu tumboni mwa mama, ambao hukatwa kwa kifaa chembamba chenye kamera. Hata hivyo, kibofu kilichofanya kazi dhidi ya kizuizi hicho kwa muda mrefu hakirudi kuwa cha kawaida mara moja, na wengi wao huendelea kuhitaji matibabu mengine.

Sasa nirudi kwa binti yako na kisigino chake. Kuchuchumaa kule ulikokuona ni ishara inayojulikana sana kwa wanaotibu watoto hawa. Misuli ya kibofu inajikaza kabla ya wakati, mtoto anashtukia mkojo unakuja, na kwa kisigino anaiziba njia mpaka mkazo upite. Mkazo ukishapita hasikii tena haja ya kukojoa, kwa hiyo anapokujibu kwamba hana mkojo hasemi uongo. Mwalimu anayeuita huo uvivu amekosea. Mtoto mvivu hatumii nguvu zote hizo kujizuia. Tatizo ni kwamba misuli inayobana mara nyingi namna hiyo huzoea kubana, na anapofika chooni haiachii yote, mkojo unatoka kwa mkato na mwingine unabaki ndani.

Hapo ndipo ile namba ya mililita 45 inapopata maana. Kwa makadirio ya kawaida, kibofu cha mtoto hubeba mililita 30 ukizidisha kwa umri wake uliojumlishwa na moja. Kwa miaka 8 ni mililita 270 hivi. Mkojo unaobaki ukizidi mililita 10 katika vipimo vinavyorudiwa, kwa mtoto wa umri huo, unatutia shaka kwamba kibofu hakimwagiki vizuri. Kipimo kimoja hakitoshi, hasa kama mtoto alinyweshwa maji mengi, akasubirishwa mpaka kibofu kikafurika, kisha akaharakishwa. Kirudiwe akiwa ametulia. Lakini kikirudiwa na kubaki vilevile, kinaeleza maambukizi mawili ya mwaka huu, kwa kuwa mkojo uliotuama ni makazi mazuri ya bakteria.

Choo cha mara moja kwa siku tatu au nne umekitaja kama jambo la kupita, na mimi nakiona kuwa ndicho kiini cha barua yako. Utumbo wa mwisho umekaa nyuma ya kibofu, unatumia neva zilezile na umefungwa na misuli ileile ya sakafu ya nyonga. Ukijaa kinyesi kigumu unakibana kibofu, unakifanya kijikaze ovyo na unakizuia kisimwagike chote. Oksibutinini, pamoja na kutuliza kibofu, hupunguza mwendo wa utumbo. Kwa hiyo binti yako alipewa dawa inayofungisha choo wakati tayari amefunga choo, nafuu ikaja, choo kikazidi kuwa kigumu, nafuu ikaondoka. Hiyo mimi siiti dawa kushindwa. Dawa ilitangulia kabla ya zamu yake.

Zamu ya kwanza ni ya utumbo. Mwombe daktari dawa ya kulainisha choo, ambayo kwa watoto mara nyingi huwa ni unga wa makrogoli unaochanganywa na maji, kwanza kwa kipimo kikubwa cha kusafisha kwa siku kadhaa, kisha kwa kipimo cha kila siku kwa miezi. Lengo ni choo laini kila siku, na kosa linalofanywa mara nyingi ni kuacha mara tu choo kinapolainika, kabla utumbo uliotanuka haujarudia hali yake. Akae chooni kwa utulivu baada ya kula, hata kama hasikii haja.

Kibofu nacho kifundishwe. Aende kukojoa kila baada ya saa mbili hadi tatu kwa kufuata saa, bila kuulizwa kama ana mkojo, kwa sababu swali hilo tayari tunajua jibu lake. Miguu ikanyage kitu imara, ikibidi kigoda, kwa kuwa mtoto anayening'iniza miguu hubana nyonga ili asianguke. Chupi ishuke hadi vifundoni ili magoti yaachane. Asisukume, aachie tu, asubiri dakika chache, ajaribu mara ya pili. Maji anywe kwa mgawanyo sawa kutwa nzima, maana watoto wengi wa aina hii hujinyima maji shuleni, na mkojo mzito hukichokoza kibofu zaidi. Kwa siku mbili andika kila alichokunywa, kila alichokojoa ukiupima mkojo kwa kikombe chenye alama, na kila mara alipolowa. Hospitali zenye vifaa huweza pia kubandika vihisio kwenye ngozi ili mtoto aone kwenye skrini misuli yake inapobana na inapoachia. Wengi hujifunza kwa furaha, kwa kuwa kwao ni kama mchezo.

Ninazungumzia angalau nusu mwaka wa kazi ya kila siku, na sitaki kukuficha kwamba inachosha. Utumbo ukishatulia, dawa ya kibofu inaweza kujaribiwa upya, ile ya zamani kwa kipimo kingine au ya kundi tofauti ambalo halikaushi mdomo kwa kiasi kile, lakini kwa sharti kwamba mkojo unaobaki umepungua.

Ikiwa baada ya yote hayo bado analowa, sindano ya kibofu ni hatua halali na haipaswi kuogopwa kupita kiasi. Mtoto huwekwa katika nusukaputi, kamera nyembamba huingizwa kwa njia ya mkojo, na dawa ya botulinamu huchomwa sehemu nyingi ndogondogo kwenye ukuta wa kibofu ili misuli ilegee. Hakuna mshono nje. Nafuu huja katika siku au wiki chache za mwanzo na hudumu kwa miezi, kisha huisha, na sindano ikahitajika tena. Kwa hiyo mume wako aelewe kwamba hata ikifanya kazi vizuri, hairudishi mtoto shuleni akiwa amepona moja kwa moja. Nchini Marekani dawa hii iliidhinishwa mwaka 2021 kwa watoto kuanzia miaka 5 ambao kibofu chao kinajikaza kwa sababu ya maradhi ya neva. Kwa mtoto mwenye neva nzima, mabingwa huitumia kwa uamuzi wao baada ya njia nyingine kushindwa.

Hofu yangu kwa binti yako ni moja mahususi. Dawa inayolegeza misuli ya kibofu itampunguzia nguvu ya kukimwaga, na yeye tayari anabakiza mkojo. Mtoto aliyeshindwa kukojoa baada ya sindano hulazimika kutolewa mkojo kwa mpira mwembamba mara kadhaa kwa siku mpaka dawa iishe nguvu. Si jambo la kutisha, maelfu ya watoto wenye mgongo wazi hufanya hivyo kila siku, na tangu daktari wa Marekani, Jack Lapides, na wenzake walipoonyesha mwaka 1972 kwamba mpira safi unatosha bila kuhitaji usafi wa chumba cha upasuaji, figo nyingi zimeokolewa. Lakini kumtia mpira msichana wa miaka 8 anayehisi kila kitu ni jambo tofauti, na familia inapaswa kulijua na kulikubali kabla ya kusaini fomu.

Mtasikia pia kuhusu kifaa kidogo kinachopandikizwa chini ya ngozi juu ya tako, chenye waya unaochochea neva za kibofu. Kinasaidia baadhi ya watoto, hata kwenye choo kikubwa, ila mtoto anakua, waya huweza kuhama au kukatika, na kurudi chumba cha upasuaji ni jambo la kawaida. Kukiongeza ukubwa kibofu kwa kipande cha utumbo ni upasuaji mkubwa wa watoto ambao kibofu chao kimeharibika au kinatishia figo. Wengi wao hutolewa mkojo kwa mpira maisha yote, pengine kupitia kitovuni kwa njia iliyotengenezwa kwa kidole tumbo, kama alivyoeleza daktari wa Ufaransa, Paul Mitrofanoff, mwaka 1980, na hubaki na hatari ya vijiwe, ute, maambukizi na hata kibofu kupasuka. Binti yako hayuko kwenye njia hiyo. Na yeyote atakayependekeza kuipanua njia yake ya mkojo, mwulizeni kizuizi kimeonekana kwenye kipimo gani. Wasichana wengi walipanuliwa hivyo miongo iliyopita kwa kudhaniwa kuwa njia zao ni finyu, na desturi hiyo iliachwa ilipoonekana kwamba haikuwa na msingi.

Rufaa yenyewe ikubalini, kwani kumwona daktari wa upasuaji si kukubali upasuaji. Nenda na daftari lako la siku mbili, ombeni mkojo unaobaki upimwe tena, na kabla ya sindano yoyote ombeni kipimo cha shinikizo ndani ya kibofu, ambacho huonyesha kama misuli inajikaza kweli na kama mlango unaachia wakati wa kukojoa. Msisubiri tarehe ya kliniki iwapo atapata homa yenye maumivu ya ubavuni, au ataanza kulowa mfululizo bila kukauka, au miguu itabadilika, au mkojo utatoka kwa shida. Katika hali hizo nitabadilisha ushauri wangu siku hiyohiyo.

Shuleni, omba barua ya daktari inayosema kwamba mtoto aruhusiwe kwenda chooni kwa saa zake bila kunyoosha mkono, na kwamba awe na chupa ya maji na nguo ya akiba mahali anapopajua yeye na mwalimu tu. Likizo aliyoichagua mume wako ni wakati mzuri sana, lakini itumieni kusafisha utumbo: siku za kipimo kikubwa cha makrogoli mtoto anahitaji choo karibu naye tangu asubuhi hadi jioni, na hilo ni rahisi zaidi akiwa nyumbani kuliko darasani.